Nani anamzimia umeme kihisi changu? Mwongozo wa regulata na vikoa vya umeme kwenye Linux

Kihisi kilikuwa kinasoma vizuri: joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, vyote sawa. Nikienda kuchukua chai, narudi nakuta teminali imejaa makosa ya I2C, ile njia ya waya mbili ambayo bodi huongea nayo na kihisi. Nazima bodi, nawasha, kinasoma tena, halafu kinakufa tena. Waya nimebadilisha, lehemu nimerudia, kihisi cha pili nimeshanunua. Mara ya nne ndipo nikapata akili ya kutazama saa. Kilikuwa kinakufa zile zile sekunde thelathini na kitu tangu bodi iwake, bila kukosea.

Kitu kinachoharibika kwa saa maalumu hakijaharibika. Kuna anayekizima. Kwangu mimi mzimaji alikuwa kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, na nilipoelewa kwa nini, ilibidi nikubali kwamba ilikuwa na haki.

Mwongozo huu unafuata njia niliyopita kumtafuta. Bodi yangu ina chipu ya RK3399 ya Rockchip, pembeni yake chipu ya umeme RK808, na kihisi ni BME280 cha Bosch. Ukiwa na bodi nyingine majina yatabadilika lakini hatua ni zile zile, maana mfumo ni mmoja kwa kila bodi ya Linux inayotumia mti wa vifaa, yaani zile faili za .dts zinazoieleza kerneli nini kimeungwa wapi.

Unahitaji ruhusa ya root, mita ya kupimia volti, na uwezo wa kuhariri mti wa vifaa wa bodi yako. Uwe pia na njia ya kuiamsha bodi ikigoma: kadi ya pili yenye mfumo mzima, au waya wa seriali.

Kwanza, tuelewane maneno

Regulata ni sakiti inayopokea volti fulani na kutoa nyingine iliyotulia. RK808 imebeba kadhaa ndani ya chipu moja: nne za kushusha volti kwa kukatakata, zile zinazoitwa buck, nane ndogo za aina ya LDO, zinazoshusha volti bila kukatakata, na swichi mbili. Kila moja inalisha waya wake kwenye bodi, na waya huo hapa nitauita reli. Kerneli huongea na RK808 kupitia I2C, ikiiambia washa hii, zima ile, hii ipandishe kidogo.

Kikoa cha umeme kiko ndani ya chipu kuu. Ni sehemu ya silikoni inayoweza kukatiwa umeme peke yake wakati majirani wanaendelea kufanya kazi: GPU (kichakataji cha picha) ina kikoa chake, kisimbuzi cha video chake, skrini chake. Reli ya nje inaweza kuwa na volti kamili na bado kikoa kikawa kimezimwa, kwa sababu kuna swichi za transista katikati.

Kwa hiyo kifaa kimoja kinaweza kukosa umeme kwa sababu mbili zisizofanana. Wengi wetu tunahangaika na moja huku tatizo liko kwenye nyingine.

Kerneli inaamuaje kuzima? Fikiria taa ya koridoni kwenye nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba amesema taa izimwe asipokuwepo anayeihitaji. Hachungulii koridoni kuona kama kuna mtu, ana daftari. Ukitaka taa unaandika jina, ukimaliza unafuta. Daftari likiwa tupu, taa inazimwa. Sasa wewe uko koridoni unatafuta funguo, hukuandika jina kwa sababu ulikuta taa inawaka. Utabaki gizani, na kosa ni lako.

Hivyo ndivyo mfumo wa regulata ulivyo tangu uingie kwenye Linux 2.6.27 mwaka 2008, kazi ya Liam Girdwood na Mark Brown waliokuwa Wolfson Microelectronics. Vikoa vya umeme vilipata daftari lao la pamoja mwaka 2011, Linux 3.1, kwa mkono wa Rafael Wysocki. Kabla ya hapo kila mtengeneza chipu alikuwa na utaratibu wake, na aliyewahi kuhamisha draiva (programu ya kerneli inayoendesha kifaa) toka bodi moja kwenda nyingine enzi hizo hana hamu nazo.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Daftari la regulata linasomeka. Kama debugfs (mfumo wa faili ambamo kerneli huweka taarifa za kutafutia makosa) haijapachikwa, ipachike, kisha soma:

```
mount -t debugfs none /sys/kernel/debug
cat /sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary
```

Utaona mti mrefu, kila regulata ikiwa chini ya ile inayoilisha. Mstari ulionihusu ulikuwa huu:

```
regulator       use open bypass  opmode voltage current    min    max
vcc3v0_touch      0    0      0 unknown  3000mV     0mA 3000mV 3000mV
```

Safu mbili za mwanzo ndizo za kuangalia kabla ya zote. `open` ni idadi ya walioshika rejeleo la regulata hii, yaani wanaojua ipo. `use` ni idadi ya walioomba iwashwe. Kwangu zote ni sifuri. Kihisi changu kinakula umeme wa reli hii, na daftarini hakuna jina hata moja.

Usidanganywe na ile 3000mV. Huo ni mpangilio uliomo kwenye rejista (nafasi ndogo ya kumbukumbu ndani ya chipu), yaani volti ambazo regulata itatoa ikiwashwa. Haikuambii kwamba umeme upo. Mimi ilinipotezea nusu saa. Kujua kama imewashwa, soma hali yake kwenye sysfs, yaani faili zilizo chini ya /sys:

```
for r in /sys/class/regulator/regulator.*; do
  echo "$(cat $r/name): $(cat $r/state 2>/dev/null) $(cat $r/num_users)"
done
```

Angalia mara mbili: mara moja bodi ikishawaka tu, na tena baada ya dakika moja. Reli iliyotoka `enabled` ikawa `disabled` bila wewe kugusa kitu ndiyo unayoitafuta.

Hatua ya 2: Soma kerneli ilivyojieleza

```
dmesg | grep -iE 'dummy|disabling|constraints'
```

Amri hii inachuja logi ya kerneli. Kwangu ilitoa mistari mitatu iliyonitosha:

```
bmp280 4-0076: supply vddd not found, using dummy regulator
bmp280 4-0076: supply vdda not found, using dummy regulator
vcc3v0_touch: disabling
```

Miwili ya mwanzo inatoka kwa draiva ya kihisi (4-0076 ni basi la I2C namba 4, anwani 0x76). Jina lake ni bmp280 lakini inahudumia BME280 pia. Iliuliza: umeme wangu wa vddd unatoka wapi? Mti wa vifaa haukuwa na jibu. Badala ya kugoma, kerneli ikaipa regulata ya bandia, ambayo ukiiambia washa inasema ndiyo, ukiiambia zima inasema ndiyo, na hakuna inachofanya. Huu ni ukarimu wenye sababu. Bodi nyingi zina vifaa vilivyoungwa kwenye reli isiyozimika kabisa, na waandishi wa .dts hawajisumbui kuitaja. Lakini kama reli yako inazimika, ukarimu huo ni mtego.

Mstari wa tatu ndio mkono uliozima. Nusu dakika baada ya kumaliza kujiandaa, kerneli hupitia regulata zote. Ile inayowaka huku haina mtumiaji, na haikuandikwa kwamba isizimwe, inazimwa. Zile sekunde 30 zimewekwa ili draiva zinazopakiwa kama moduli zipate nafasi ya kuingia na kuandika majina yao. Ndiyo maana kihisi kilisoma vizuri mwanzoni: reli ilikuwa tayari inawaka kabla kerneli haijaamka, nacho kikala umeme ambao hakikuuomba.

Kwa nini bodi za wenzangu hazikuwa na shida hii? Kwenye .dts ya asili reli ile ilikuwa na `regulator-always-on`. Niliiondoa mwenyewe wiki mbili nyuma, nikijiona mjanja wa kuokoa betri, kwa sababu jina lake linasema touch na mimi sina skrini ya kugusa. Nikaja kuunga kihisi kwenye kiunganishi hicho hicho. Nilikuwa nimesahau.

Hatua ya 3: Weka mita, usiamini skrini peke yake

Pima kati ya mguu wa VDD wa kihisi na ardhi, bodi ikiwaka. Kabla ya nusu dakika nilipata volti 3.0. Baada ya hapo nilitegemea sifuri. Nikapata karibu 1.5, ikiyumba.

Hizi ni volti za wizi. Mistari ya SDA na SCL, yaani zile waya mbili za I2C, ina vizuizi (resista) vinavyoivuta juu kutoka reli nyingine ambayo bado inawaka. Umeme unapita kwenye vizuizi hivyo, unaingia kihisi kupitia diodi za ulinzi zilizo kwenye miguu yake ya data, na kuipandisha VDD kwa mlango wa nyuma. BME280 imeruhusiwa kufanya kazi kuanzia volti 1.71, kwa hiyo hali kama hii inaweza kukupa kifaa kilicho nusu hai: leo kinajibu, kesho hakijibu. Ndiyo maana makosa yangu hayakuwa ya aina moja. Mara -6, kwamba hakuna aliyeitikia kwenye anwani ile. Mara -110, kwamba muda umepita.

Ukikuta volti ambayo si kamili na si sifuri, usianze kubadilisha kihisi. Nina viwili sasa, vyote vizima.

Hatua ya 4: Thibitisha kwa jaribio

Kerneli za karibuni zina neno la kuongeza kwenye mstari wa kuwashia, `regulator_ignore_unused`. Linaiambia iache regulata zisizo na watumiaji kama ilivyozikuta. Bodi yangu inasoma mstari huo kutoka `/boot/extlinux/extlinux.conf`, kwenye `append`. Vikoa vya umeme vina ndugu yake wa zamani zaidi, `pd_ignore_unused`, na mapigo ya saa yana `clk_ignore_unused`.

Ongeza moja moja, uwashe, ungoje dakika mbili. Tatizo likipotea na la kwanza, ni regulata. Likipotea na la pili, ni kikoa. Ukiyaweka yote matatu kwa pamoja tatizo litaondoka na hutajua lolote, na ndivyo ninavyoona watu wengi wakifanya, kisha wanaacha hivyo hivyo maisha yote.

Kama kerneli yako ni ya zamani na haina neno la kwanza, rudisha kwa muda `regulator-always-on` kwenye reli unayoishuku. Jibu litakuwa lile lile.

Hatua ya 5: Andika ukweli kwenye mti wa vifaa

Dawa ni kumwandikisha kihisi daftarini. Sehemu yangu ikawa hivi:

```
&i2c4 {
    status = "okay";

    pressure@76 {
        compatible = "bosch,bme280";
        reg = <0x76>;
        vddd-supply = <&vcc3v0_touch>;
        vdda-supply = <&vcc3v0_touch>;
    };
};
```

Mistari miwili yenye `-supply` ndiyo iliyokosekana. Jina lililo mbele ya `-supply` halitungwi. Ni lile ambalo draiva inaliuliza, na draiva hii inauliza vddd na vdda. Ukiandika `vdd-supply` hakuna atakayeikataa; utapewa ya bandia kama zamani. Majina yako kwenye maelezo ya draiva husika ndani ya kerneli, chini ya Documentation/devicetree/bindings, au kwenye ule ujumbe wa dmesg wenyewe, uliokwishakutajia jina lililokosekana.

Upande wa regulata, ndani ya nodi ya RK808, mambo yako hivi:

```
vcc3v0_touch: LDO_REG2 {
    regulator-name = "vcc3v0_touch";
    regulator-min-microvolt = <3000000>;
    regulator-max-microvolt = <3000000>;
};
```

Hapa naomba uende polepole. Namba hizo ni za mikrovolti, na ndizo uzio pekee kati ya draiva yenye kosa na kifaa chako. LDO hii ina uwezo wa kutoa kuanzia volti 1.8 hadi 3.4. Chochote utakachoruhusu ndani ya hapo, kerneli itakubali mtu akiomba. Kama kuna kifaa cha volti 1.8 kwenye reli na wewe umeweka kikomo cha juu 3300000, umeacha mlango wazi. Hesabu sifuri kwa kidole. Ukipunguza moja kwenye namba zote mbili, utapata ujumbe wa kosa na regulata haitasajiliwa, na hilo ni afadhali, kwa sababu kosa linaonekana mapema. Kosa la kuzidisha kidogo halipigi kelele.

Reli ikiwa na watumiaji zaidi ya mmoja wanaochagua volti, kerneli hutafuta eneo ambalo wote wanakubaliana, kisha inachukua volti ya chini kabisa ndani yake. Mmoja akitaka 2.7 hadi 3.3 na mwingine 3.0 hadi 3.6, watapewa 3.0. Wasipopatana popote, anayekuja mwisho anakataliwa.

Sasa kuhusu `regulator-always-on`. Watakuambia iweke tu, mambo yaishe. Ni kweli yataisha. Kwa reli ya RAM au ya kiini cha chipu haina mjadala, lazima iwepo. Lakini kwa kihisi kinachosomwa mara moja kila dakika kumi, juu ya boksi linalokula betri ya sola, ni sawa na kuifunga swichi ya koridoni kwa gundi. Kuna pia `regulator-boot-on`, ambayo watu huichanganya na hiyo. Yenyewe inasema tu kwamba reli inawaka tangu mwanzo. Haimlindi mtu baada ya zile sekunde 30.

Jenga upya faili ya .dtb kwa njia ya bodi yako, au tumia kiraka cha mti wa vifaa kama bodi inaviruhusu, kisha washa upya. Kihisi kisipoonekana kabisa baada ya hapo, angalia `/sys/kernel/debug/devices_deferred`. Draiva inayosubiri regulata ambayo bado haijasajiliwa inapangwa kwenye foleni hiyo. Ikibaki humo, draiva ya regulata haikujengwa, au jina la rejeleo limekosewa.

Hatua ya 6: Hakikisha, na usishtuke ukiona `disabled`

Rudi kwenye regulator_summary. Chini ya vcc3v0_touch sasa utaona mistari ya watumiaji wake, 4-0076, na `open` si sifuri tena. Lakini `use` inaweza kuwa 0, na hali ikawa `disabled`. Mara ya kwanza nilidhani nimerudi nilikoanza.

Sivyo. Draiva hii inatumia usimamizi wa umeme wakati wa kazi. Isipoulizwa kitu kwa muda mfupi inaachia regulata zake yenyewe, na ikiulizwa inaziwasha, inasubiri kihisi kipate fahamu, inaandika upya mipangilio yake, ndipo inasoma. Jaribu kwa kusoma mfululizo kwenye teminali moja:

```
while true; do cat /sys/bus/iio/devices/iio:device1/in_temp_input; done
```

na kutazama regulator_summary kwenye nyingine. `use` itapanda. Bonyeza Ctrl+C, ungoje kidogo, itashuka. Namba ya iio:device yako inaweza kuwa tofauti, kwani RK3399 ina kipimia volti chake kinachojiandikisha humo humo. Soma faili ya `name` ndani ya kila saraka kwanza. Thamani utakayoona ni nyuzi joto mara elfu, kwa hiyo 29350 ni nyuzi 29.35.

Kama draiva ni ya kuandika mwenyewe, mambo ni machache. Chukua regulata kwa `devm_regulator_get`, washa kwa `regulator_enable` na uangalie jibu lake, lipe kifaa muda kinaotaka kabla ya kukigusa, na kila uliloliwasha ulizime mara moja tu. Ukizima zaidi ya ulivyowasha, kerneli itatoa onyo refu lenye maneno `unbalanced disables`. Ukizima pungufu, kifaa kikiwa kazini haitasema kitu. Betri ndiyo itakayosema.

Hatua ya 7: Vikoa, daftari la pili

```
cat /sys/kernel/debug/pm_genpd/pm_genpd_summary
```

Kila kikoa kina hali yake, `on` au kitu kama `off-0`, kikifuatiwa na vifaa vilivyomo. Mfano mzuri wa kujifunzia ni GPU, Mali-T860, kwa sababu yenyewe inahitaji ruhusa za madaftari yote mawili. Kwenye .dts ya bodi na ya chipu ina mistari hii:

```
mali-supply = <&vdd_gpu>;
power-domains = <&power RK3399_PD_GPU>;
```

Wa kwanza ni reli ya nje, wa pili ni swichi ya ndani. Tazama inavyolala na kuamka:

```
cd /sys/bus/platform/devices/ff9a0000.gpu/power
cat control runtime_status
```

`control` ikiwa `auto`, kerneli ina ruhusa ya kukilaza kifaa. Ikiwa `on`, haina. Bila picha yoyote inayochorwa, `runtime_status` itakuwa `suspended` na kikoa cha gpu kitakuwa kimezimwa. Endesha kmscube (programu ndogo ya majaribio inayochora mchemraba), angalia tena: `active`, na kikoa `on`. Ukitaka kujua kama kifaa kinacholeta shida kinauawa na usingizi, andika `on` ndani ya `control` na uone kama tatizo linatoweka. Jaribio hili halihitaji hata kuwasha bodi upya, na ndilo ninaloanza nalo siku hizi.

Kuzima kikoa kuna adabu zaidi kuliko kuzima reli. Kwenye chipu hii, kerneli kwanza inahakikisha mapigo ya saa ya kikoa yanaendelea, inahifadhi mipangilio ya kipaumbele cha basi la data, inaliomba basi liache kupeleka ujumbe upande ule na kusubiri likubali, halafu ndipo inakata. Kuwasha ni kinyume chake. Ukiruka ile hatua ya kuliomba basi, ujumbe uliokwishatumwa kwa sehemu iliyokatwa hautajibiwa kamwe, na bodi nzima inaganda bila kuacha hata mstari mmoja kwenye logi. Bodi inayoganda kimya kimya wakati draiva inasoma rejista, mara nyingi ni hilo: draiva imegusa nyumba isiyo na umeme.

Vikoa vinaweza kuwa ndani ya vingine. Kwenye RK3399, kikoa cha vio kimebeba vile vya kamera na vya skrini, na hakizimiki mpaka watoto wake wote wawe wamezimwa. Ukiona kikoa kikubwa hakilali usiku kucha, shuka chini yake umtafute mtoto mmoja aliyebaki macho. Kumbuka pia kwamba kikoa kikizimwa, rejista zilizomo zinapoteza kila kitu. Draiva isiyorejesha mipangilio yake itafanya kazi mara ya kwanza tu.

Hatua ya 8: Volti zinazopanda na kushuka

Kihisi kilikuwa kimeshapona, lakini ukishafungua daftari huachi kuchungulia. Viini viwili vikubwa vya RK3399 vinalishwa na regulata ya peke yao, vdd_cpu_b, na volti zake hubadilika kufuata kasi. Kwenye jedwali la kerneli, 408 MHz inataka volti 0.825, 1.8 GHz inataka 1.2. Jionee:

```
cd /sys/devices/system/cpu/cpufreq/policy4
echo powersave > scaling_governor
grep vdd_cpu_b /sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary
echo performance > scaling_governor
grep vdd_cpu_b /sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary
```

Mpangilio wa kupanda na kushuka haubadiliki. Kasi inapoongezwa, volti hutangulia kisha kasi inafuata. Inapopunguzwa, kasi hutangulia kisha volti. Ukigeuza, kwa kitambo kidogo kiini kinakimbia kwa volti zisizotosha, na hesabu zinaanza kukosewa.

Umeme unaoliwa na kubadilika kwa transista unakwenda na volti mara volti mara kasi. Fanya hesabu kati ya ncha hizo mbili: volti peke yake inazidisha mara 2.1, kasi mara 4.4, jumla zaidi ya mara 9. Kwenye boksi langu la sola, linalofanya kazi ya kusoma namba tatu na kuzituma, powersave ilisaidia kuliko ujanja wangu wote wa reli ya touch. Ukimaliza kujaribu, rudisha gavana uliyekuwa naye, yaani kanuni ya kuchagua kasi iliyokuwa kwenye `scaling_governor`.

Hatua ya 9: Ondoa magongo

Futa `regulator_ignore_unused` na wenzake kwenye extlinux.conf. Rudisha kila `control` uliyoilazimisha kuwa `on`. Kama uliweka `always-on` ya muda, iondoe. Kisha washa bodi, na usiiguse mpaka zile sekunde 30 zipite. dmesg bado itaandika kwamba inazima regulata fulani fulani. Soma majina yake moja moja, na kila ambalo hulijui, fuata waya wake kwenye mchoro wa bodi ujue linalisha nini. Kwangu yalibaki mawili. Moja lilikuwa la kamera ambayo sina. La pili lilikuwa la kodeki ya sauti, na sikumbuki kama niliunga spika.